Kusoma kwa kikundi uhandisini: tunasaidiana au tunabebana?

#1 Komredi wa Tudor

Salaam wote. Niko mwaka wa 2, uhandisi wa mekanika, hapa hapa Mombasa. Chuo sitakitaja. Nina jambo linanikera na nataka waliopita njia hii waniambie ukweli.

Muhula uliopita tulipewa mradi, watu 7: tubuni mashine ndogo ya mkono ya kuinulia mzigo, tuichore, tuhesabu nguvu kwenye kila kiungo, tuandike ripoti. Wiki 6. Wiki 4 za kwanza kikundi chetu cha WhatsApp kilijaa salamu za Ijumaa, picha za mahamri na "tukutane kesho". Kesho yenyewe haikufika. Mwishowe hesabu nilifanya mimi, michoro nikafanya na mwenzangu mmoja, ripoti nikaimaliza saa tisa usiku, stima imepotea, feni imezima, jasho ladondoka kwenye karatasi. Tukapata alama 74. Sote 7, sawasawa.

Upande wa pili: thamodainamiki, somo la joto na nishati, niliisoma peke yangu. Daftari nililipitia mara 4, mwanzo hadi mwisho, siku 3 za mwisho nikakesha. Niliingia mtihani nikiamini naijua. Nikapata 43.

Dai langu: kikundi ni njia ya wachache kuwabeba wengi. Muhula huu nasoma peke yangu, basi. Nikosoeni.

#2 Chumvi ya Mtwapa

Watu 7? Ndugu yangu, hiyo ni nusu ya matatu. Dereva wewe, utingo huyo mwenzako wa michoro, na abiria 5 wasiolipa nauli. Wadandiaji hawakosekani.

Lakini ngoja. Umesema kikundi kilikuumiza, kisha umesema peke yako ukapata 43. Sasa huo uamuzi wa kusoma peke yako umetoka wapi?

#3 Mwalimu wa Hesabu

Chumvi ameuliza swali zuri. Nianze na hiyo 43, kikundi kitafuata.

Kulipitia daftari mara 4 ni kulizoea. Macho yakiuona mlinganyo mara ya nne, moyo hutulia ukasema "huu naujua". Unachokijua ni sura yake tu. Kuna majaribio ya Roediger na Karpicke, 2006, kule Marekani. Wanafunzi walisoma maandishi. Baadhi wakarudia kuyasoma, wengine wakaambiwa wafunge na waandike wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki 1 mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kwa hiyo daftari lilikudanganya kwa ukweli nusu. Usiku ule ulikuwa wayajua. Asubuhi ya pili yashaanza kukimbia.

Jingine ni namna mnavyofanya mazoezi. Mnachukua maswali 20 ya aina moja, mnayamaliza, mnafurahi. Rohrer na Taylor, 2007, waliwapa wanafunzi hesabu za ujazo wa maumbo. Waliofanya aina moja moja kwa mfululizo walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa walipata 60. Wiki moja baadaye wale wa mfululizo walipata 20, wa kuchanganyiwa 63. Sababu ni kwamba mtihani haukwambii swali ni la sheria ya kwanza au ya pili ya thamodainamiki. Kulitambua swali ndiyo kazi yenyewe, na mazoezi ya mfululizo hukuondolea kazi hiyo.

Fanya hivi: funga daftari, chukua karatasi tupu, andika mizania ya nishati ya boila kuanzia sifuri. Utakapokwama, hapo ndipo pa kusoma.

#4 Awamu Tatu

Niko umeme, mwaka wa 4. Mwalimu asante, hiyo ya kuchanganya naichukua.

Kuhusu wadandiaji, hili jambo lilishapimwa kitambo. Kuna Mjerumani aitwaye Ringelmann aliwavutisha watu kamba. Mmoja akivuta peke yake anatoa nguvu yake yote. Wakiwa 2 kila mmoja hutoa asilimia 93, wakiwa 3 ni 85, wakifika 8 kila mmoja hutoa asilimia 49 tu. Nusu! Binadamu akijua wako wengine, hulegeza mkono. Ni uvivu, hakuna jina jingine. Watu 7 kwa mradi mmoja ni kosa la aliyewapanga.

#5 Mzee wa Kibokoni

Awamu Tatu mwanangu, tarakimu zako ni sahihi ila mtu wako umemhamisha kwao. Maximilien Ringelmann alikuwa Mfaransa, mhandisi wa kilimo, akachapisha kazi yake 1913. Na yeye mwenyewe hakusema ni uvivu peke yake. Alitilia nguvu zaidi kwamba watu hawavuti kwa wakati mmoja. Mmoja yuwavuta, mwengine yuwapumua.

Mimi nimefanya kazi bandarini miaka mingi kabla ya kustaafu, na utotoni nimeona majahazi yakishuliwa. Chombo kizito, watu wengi, mchanga umelowa. Hakisogei kwa wingi wa watu. Yuko mmoja anayeimba, wengine wanaitikia, na nguvu yote hutoka kwenye ile silabi moja ya kiitikio. Mwimbaji akinyamaza, mtasukuma mpaka maji yakupwe. Ule wimbo ndio chombo cha kazi, kama kabari na magogo.

Kikundi chenu cha watu 7 hakikuwa na mwimbaji. Ntakwambia zaidi: hata kingekuwa na waimbaji 3 kingekwama. Wazee walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama.

#6 Awamu Tatu

Shikamoo mzee. Nimesahihishika, Mfaransa.

Ila uvivu nao una ushahidi wake. 1974 kina Ingham walirudia jaribio la kamba. Mtu alifungwa kitambaa machoni akaambiwa wako wenzake nyuma wanavuta, kumbe hawavuti. Hapo hakuna suala la kupishana, anavuta peke yake. Nguvu ilipungua vilevile. Tena 1981 kina Latané wakaonyesha kwa watu wanaopiga kelele kwamba mtu akijua sauti yake inapimwa kando, ulegevu huo huondoka. Basi ni mambo mawili, la mzee na langu. Kwa wale 7 wa Tudor lipi lilizidi, hatukuwepo.

#7 Binti Majengo

Naomba niseme lisilosemwa. Nasoma uhandisi wa ujenzi, mwaka wa 5, mwaka wa mwisho alhamdulillahi.

Katika miradi 9 niliyofanya, miradi 6 nilipewa "uandike ripoti, dada, wewe mwandiko wako mzuri". Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya tatu nikagundua kwamba vifaa vya kupimia ardhi sijavishika, wanashika wavulana. Mimi nakaa chini ya mwembe na daftari naandika wanachoniambia. Ukija mtihani wa vitendo, mhadhiri akanikabidhi kifaa cha kupimia kimo, nikakaa dakika nzima nikitafuta pa kukisawazishia. Nililia siku ile, nasema kweli.

Sasa mtu wa nje akitazama kikundi kile atasema huyu binti ni mdandiaji, hakupima hata nukta moja. Na kijana aliyepima akiona ripoti atasema "kazi nilifanya mimi". Wote tulichoka, hakuna aliyejifunza kitu kizima. Ndiyo maana nikisoma "hesabu nilifanya mimi" huko juu nauliza: wenzako uliwaachia nini? Kuna watu hawadandii. Wamefungiwa mlango.

Muhula uliofuata niliweka sharti moja kabla ya kukubali kikundi chochote: kazi zizunguke. Aliyeandika wiki hii, wiki ijayo anashika kifaa. Wawili walinuna. Wa tatu, kijana wa Changamwe, alinishukuru mwisho wa muhula kwa sababu yeye ripoti hakuwahi kuandika tangu aingie chuoni, na alikuwa akiogopa.

#8 Komredi wa Tudor

Dada Binti Majengo, nimeisoma hiyo mara mbili. Katika wale 7 wako wawili niliwapa jalada na yaliyomo, nikawaambia "hesabu niachieni, tutachelewa". Mmoja wao aliwahi kuniuliza mkato wa pini nimeupataje, nikamjibu nitakueleza baadaye. Sikumweleza. Nitamtafuta.

Bado kuna wale 3 ambao hawakuja kabisa.

#9 Likoni Alfajiri

Labda mimi ni mmoja wa hao 3, wa kikundi kingine. Sikilizeni na upande huu.

Nakaa Likoni. Kuanzia saa kumi na mbili jioni niko kazini, nauza vipuri vya pikipiki kwa mjomba wangu, kwa sababu mkopo wa HELB hautoshi na mwaka huu umechelewa. Kikundi kinapanga mkutano saa nne usiku hosteli. Nitavuka feri saa ngapi, nitarudi saa ngapi? Nikiomba tukutane saa moja asubuhi, naambiwa hakuna anayeamka saa hizo. Mwishowe naitwa mvivu.

Mimi husomea kwenye feri. Mwenda kwa miguu halipi, na kungoja kwake ni muda uliokufa kwa wengi. Nina karatasi ngumu nimezikata ukubwa wa kadi za simu za zamani. Mbele swali, nyuma jibu: "Masharti ya mtiririko tulivu ndani ya bomba?" Nyuma: "Namba ya Reynolds chini ya 2,000 hivi." Nikikosea kadi inabaki mfuko wa shati, nikipata inahamia mfuko wa suruali hadi Jumamosi. Ubora wa hizi kadi ni kwamba hazihitaji stima wala bando. Somo la mitiririko nilipita kwa 68 na sikukesha hata usiku mmoja.

Kwa hivyo mimi nasema tatizo ni saa, si tabia. Pangeni mikutano mchana, mtaona wavivu wangapi wanapona.

#10 Chumvi ya Mtwapa

Likoni Alfajiri, siku moja upepo wa kusi utakupeperushia sheria zote za Newton zitue Kilindini, samaki wapite mtihani. Lakini umenigusa. Nimeanza kukata kadi.

#11 Fundi Pampu

Nimeingia uzi huu kwa kuchelewa. Nimehitimu, nafanya kazi za maji, matangi, pampu, mabomba ya nyumba za ghorofa huku Nyali na Bamburi. Mniruhusu kisa.

Mradi wetu wa mwaka wa mwisho ulikuwa kupandisha maji kutoka tangi la chini hadi tangi la juu ya paa la jengo moja. Tulikuwa 4, wote wachapakazi. Hakuna mdandiaji hata mmoja, naapa. Tuligawana: mmoja mahitaji ya maji, mmoja mabomba, mmoja (mimi) uchaguzi wa pampu, mmoja gharama. Kila mtu akaenda kwake kufanya sehemu yake vizuri.

Yule wa mahitaji akaandika kwenye jedwali "mtiririko 2.4". Kichwani mwake ni mita za ujazo kwa saa, yaani lita 40 kwa dakika. Mimi nikaisoma lita kwa sekunde, kwa sababu jedwali la pampu nililokuwa nalo liliandikwa hivyo. Tofauti ni mara 3.6. Sasa mwenye kujua mabomba ataona balaa: msuguano unafuata mraba wa kasi, kwa hiyo hasara ndani ya bomba ikapanda karibu mara 13. Nikatafuta pampu ya kushinda msuguano ambao haukuwepo. Tukapendekeza pampu ya bei ya kutisha, na wa gharama naye akaiandika tu. Siku ya kuwasilisha, mhadhiri aliuliza swali moja: "Hili jengo lina watu wangapi wanaooga kwa wakati mmoja?" Kimya.

Nimekuwa nikifikiria kile kimya kwa miaka. Kugawana kazi kulitufanya tuonekane timu, lakini hakuna aliyesoma kazi ya mwenzake. Dakika 20 za kukaa meza moja zingetosha. Komredi, wewe unalia na wasiofanya kazi. Mimi naogopa zaidi timu ambayo kila mtu anafanya kazi na hakuna anayemuuliza jirani "hii namba ina kipimo gani?"

Kwa wanaotaka kujipima kama alivyosema Mwalimu, hili hapa: maji 2.4, mita za ujazo kwa saa (nimeandika kipimo!), kimo cha kupandisha mita 12, bomba la ndani milimita 25, urefu mita 30, kigezo cha msuguano 0.025, viwiko 4 kila kimoja kikiwa na kigezo 0.9. Pampu ishinde kimo cha jumla mita ngapi? Fungeni vitabu. Leteni majibu.

#12 Chumvi ya Mtwapa

Kama kile chombo cha NASA kilichoanguka mwezini kwa sababu mmoja alitumia futi na mwingine mita.

#13 Awamu Tatu

Chumvi, karibu ufike. Ilikuwa Mirihi, si mwezi. Mars Climate Orbiter, ilipotea Septemba 1999. Na si futi na mita. Programu moja ilitoa msukumo kwa pauni za nguvu zikizidishwa na sekunde, nyingine ikatarajia nyutoni zikizidishwa na sekunde. Tofauti ni mara 4.45. Chombo kikaikaribia sayari chini mno kuliko kilivyopangiwa.

Kinachoumiza ni kwamba wako waongozaji wa safari walioona njia haikai sawa kabla ya kufika, na wasiwasi wao haukufuatiliwa ipasavyo. Kwa hiyo Fundi Pampu, kuuliza peke yake hakutoshi. Lazima awepo wa kusikia.

#14 Binti Majengo

Na sisi wa ujenzi tuna letu, tunafundishwa kila mwaka. Kansas City, Marekani, Julai 1981, njia za juu za hoteli ziliporomoka, watu 114 wakafa. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fimbo ndefu za chuma kutoka dari, zikipita njia ya juu hadi ya chini. Wakati wa utengenezaji fimbo moja ikagawanywa kuwa mbili, ili kurahisisha kazi. Inaonekana jambo dogo. Lakini sasa njia ya chini ikawa inaning'inia kwenye ya juu, na nati iliyobeba njia moja ikabeba mbili. Mzigo mara mbili. Mabadiliko yakapita bila hesabu ya kile kiungo kufanywa upya.

Mfikirie watu wawili wakishika kamba moja, kisha wa chini aiache kamba amshike miguu wa juu. Mikono ya yule wa juu ndiyo ile nati.

Nikikumbuka hilo, naona kwamba kuzoea kukaguana chuoni si mambo ya alama. Watu watapita chini ya kazi zetu.

#15 Mwalimu wa Hesabu

Nirudi kwa Komredi, maana bado hajajibiwa kuhusu kusoma (mradi ni jambo jingine). Kuna habari naipenda sana. Miaka ya 1970 huko Berkeley, California, Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi, waliotoka shule zao wakiwa hodari, walikuwa wakianguka somo la kalkulasi. Wahadhiri walimpa sababu tayari: hawana ari, hawakuandaliwa, familia hazijali. Yeye akaenda kuwatazama wanavyosoma, wanafunzi weusi 20 na wenye asili ya Kichina 20.

Sababu zote zile zikaanguka. Wale weusi walikuwa na bidii kubwa, ila walisoma peke yao. Hawakuchanganya masomo na urafiki. Wale Wachina walisoma peke yao kwanza, kisha jioni wakakutana, wakakaguana majibu, wakaulizana, wakasimuliana mtihani wa mwaka jana. Aliyekwama aligundua kuwa wote wamekwama pale, kwa hiyo akajua swali ni gumu, hakujiona mjinga. Treisman akaanzisha vikao vya maswali magumu ya pamoja, na wanafunzi weusi waliohudhuria wakafanya vizuri sana.

Angalieni mpangilio: peke yako kwanza, kisha wenzako. Anayekuja kikundini mikono mitupu huenda kusikiliza tu, na kusikiliza mtu akikokotoa ni kutamu kama kusoma daftari mara ya nne. Unatoka ukidhani unajua.

#16 Darubini

Mwalimu, hiyo ni California. Kwetu mzizi naona ni mwingine. Mtoto amepita miaka yote ya shule akiorodheshwa: namba 1, namba 2, namba 46. Mwenzako akipanda wewe unashuka. Ukiwa na kitabu cha marudio unakificha chini ya godoro. Matokeo ya KCSE yakitoka, nchi nzima inatafuta jina la wa kwanza. Halafu siku moja unafika chuo, unaambiwa "fanyeni kikundi". Nani alimfundisha? Kushirikiana pekee alikokujua darasani ni kupitishiana mwakenya, vile vikaratasi vya kuibia mtihani, na hiyo aliambiwa ni dhambi.

Siwalaumu wale 3. Namlaumu anayewapa watu 7 kazi bila kuwafundisha kikundi kinaendeshwaje.

#17 Awamu Tatu

Nakataa kidogo. Nimesoma shule hizo hizo, na tulikuwa tukifundishana bwenini kila usiku. Cheo hakikutuzuia. Sababu ni alama moja kwa wote. Mhadhiri akitoa 74 kwa kila mtu, ameshasema kwamba kufanya na kutofanya ni sawa. Darasani kwetu mhadhiri mmoja alibadilisha: nusu ya alama ni ya kikundi, nusu unaitwa peke yako unaulizwa sehemu yoyote ya mradi, hata ile hukuifanya. Wiki ile niliona watu wakifundishana transfoma kwenye ngazi.

#18 Likoni Alfajiri

Hiyo ya kuulizwa sehemu yoyote ni nzuri, na inamsaidia Binti Majengo pia. Lakini saa nne usiku bado siji.

#19 Mzee wa Kibokoni

Mwanangu Likoni, una haki. Zamani zetu pale chuoni Tudor, tangu ilipokuwa Polytechnic 1966, vijana wa jioni walikuwa na saa zao na wa mchana zao. Wengi walitoka karakana za bandari na reli, mikono ina grisi, wakaingia darasani. Waliojifunza zaidi ni wale walioweza kumwambia mwalimu "hii mashine kwetu haifanyi hivyo".

#20 Darubini

Mzee, samahani, 1966 iligeuka Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Jina la Polytechnic ni 1972. Kabla ya majina hayo yote ilikuwa MIOME, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu. Chuo kikuu kamili ni 2013.

#21 Mzee wa Kibokoni

Kweli, 1972. Ahsante. Marehemu kaka yangu alisema "nasoma MIOME" hata baada ya jina kubadilika, ndipo nikachanganya.

#22 Chumvi ya Mtwapa

Mzee akisahihishwa anashukuru kwa mstari mmoja. Kikundi changu kingekuwa hivi ningehamia hosteli.

Swali lakini. Mfungo ukiingia katikati ya muhula mnafanyaje? Mwaka jana baada ya futari nilikuwa sifai hata kwa kuzidisha.

#23 Likoni Alfajiri

Mimi nilihamisha kazi ngumu baada ya daku. Saa kumi na nusu usiku kichwa chepesi, joto limepungua, mtaa kimya. Swali moja gumu kabla ya alfajiri na moja baada ya sala, kisha nalala. Mchana nabaki na kadi na kuchora michoro. Baada ya tarawehe sisomi, nashinda barazani na wenzangu, kahawa na kashata, lakini huulizana maswali. Moja ya kumbukumbu zangu nzuri za mwaka jana ni mzee mmoja muuza kahawa, hakusoma uhandisi, akatuuliza kwa nini buli lake la shaba hushika moto upesi na mkono wake akilishika mpini wa mti hauungui. Tulibishana upitishaji joto wa shaba na wa mti mpaka saa sita.

#24 Mwalimu wa Hesabu

Shaba ni takriban wati 400 kwa mita kwa kelvini, mti ni sehemu ndogo ya 1. Baraza hilo lina mtaala mzuri.

#25 Komredi wa Tudor

Nimerudi. Nimempigia yule dada wa jalada. Hakukasirika kama nilivyoogopa, ila aliniambia neno moja: "Ulikuwa unakokotoa umetupa mgongo." Tumekubaliana kikundi kipya cha watu 4: mimi, yeye, mwenzangu wa michoro, na mmoja anayekaa Mishomoroni ambaye hafiki usiku. Tutakutana Jumanne na Alhamisi saa saba mchana, kwa muda wa saa moja na nusu tu. Kila mmoja anakuja na swali 1 alilolijaribu likamshinda, na karatasi yake ya kujaribu aionyeshe. Asiye na karatasi hakai. Mwimbaji, kama alivyosema mzee, atabadilika kila wiki.

Sijashawishika kuhusu wale 3. Mmoja nimemuuliza, akasema alidhani hatumhitaji. Mwingine hakujibu simu.

Halafu, Fundi Pampu: nimepata mita 14.8.

#26 Binti Majengo

Mimi 15.2. Komredi, kasi uliipata ngapi?

#27 Komredi wa Tudor

Mita 1.36 kwa sekunde. Msuguano mita 2.82, nikajumlisha na 12.

#28 Binti Majengo

Kasi yetu moja, msuguano wetu mmoja. Viwiko je?

#29 Komredi wa Tudor

Subiri.